Kompyuta haikufa: namba 5 ilikuwa na wenyewe wawili



Kwa majuma mawili wengi wenu mlinisimamisha njiani, huko Katindo, huko Ndosho, na zaidi kule kambini Mugunga, mkiuliza swali moja: "Ujumbe wetu umeenda wapi?" Mlizungumza kwenye mikro, mkataja majina ya watu mliopotezana nao, mkaambiwa mtasikika siku ya posho. Siku ya posho ikafika, mkasikia muziki tu.

Jibu fupi ni kwamba kompyuta ilikuwa inakwama. Lakini jibu refu lina faida zaidi, kwa sababu mashine za namna hiyo ziko nyingi katika mji huu: nyumbani, kwenye maparokia, shuleni, kwenye vibanda vya kuchapa makaratasi. Nyingi zimewekwa pembeni, zimefunikwa kitambaa, zikisemwa kuwa zimekufa. Yetu nayo ilisemwa hivyo. Haikuwa imekufa, na kuitengeneza hakukuhitaji kununua mashine mpya. Ninaeleza hatua kwa hatua ili hata mtu asiyejua ufundi aweze kufuata.

Mashine yenyewe

Kompyuta hii iko nyumbani kwangu. Studio ina mashine moja, nayo ndiyo inayorusha matangazo tangu asubuhi hadi usiku. Kwa hiyo sisi tunaozunguka na mikro tunatayarisha sauti nyumbani, kisha tunazipeleka studio kwenye kle ya USB. Yangu ilitoka Ulaya ikiwa imekwisha kutumika, nikainunua hapa mjini. Ni Pentium II, ina Windows 98 ya Kifaransa, na kadi ya sauti ya zamani, ndefu, ya aina inayoingia kwenye tundu refu jeusi liitwalo ISA. Kadi hiyo ni mzee lakini sauti yake ni safi, ndiyo maana nimeishika.

Mwezi uliopita tulipata aparei mpya ya kurekodi. Haitumii kaseti tena. Inatoa sauti kwa waya wa USB. Matundu ya USB ya mashine yangu yalikuwa yamevunjika tangu nilipoinunua, basi nikatafuta kadi ndogo yenye matundu manne, ya aina inayoingia kwenye tundu fupi jeupe liitwalo PCI. Nikaipachika, nikaweka piloti yake, yaani ile programu ndogo inayoifundisha Windows kutumia kifaa kipya. Mashine ikaitambua bila shida.

Jioni moja nilikuwa nasikiliza ujumbe wa mama mmoja aliyekimbia Masisi wakati wa mapigano ya 2008. Wakati huohuo mashine ilikuwa inanakili sauti nyingine kutoka kwenye aparei. Ghafla kila kitu kilisimama. Kishale cha kipanya kiliganda, saa iliyo kwenye kona ya skrini ikasimama. Lakini sauti haikunyamaza. Yule mama alikuwa amefika mahali anapotaja mtoto wake, na kompyuta ikashika neno moja tu: "anaitwa... anaitwa... anaitwa..." Ikalirudia bila kufika kwenye jina. Hakuna kitufe kilichosaidia. Nilikata umeme.

Nilipowasha tena na kujaribu, ilikwama tena. Mara ya tatu vilevile.

Mafundi wawili

Fundi wa kwanza aliangalia dakika tano, akasema ubao mkubwa wa ndani umeungua, akanitajia mashine nyingine ya dola 150. Fundi wa pili alisema ni virusi, na dawa ni kufuta diski yote na kuweka Windows upya. Siwataji na siwalaumu. Watu wanawaletea mashine nyingi kwa siku, na jibu la haraka ndilo linalolipa kodi ya kibanda. Lakini ndani ya diski ile kulikuwa na ujumbe 43 ambao ulikuwa bado haujarushwa, na sehemu kubwa ilikuwa haina nakala mahali pengine, kwa sababu aparei ikijaa tunaifuta ili kurekodi wengine.

Habari hazikawii kambini. Kesho yake asubuhi yule mama wa Masisi alikuja kwa miguu kutoka Mugunga. Alikataa kiti, akasimama mlangoni.

"Papa radio, wanasema mashini imekufa. Na sauti yangu?"

"Sauti yako iko ndani, Mama. Haijaguswa."

"Basi usimpe mtu aifute. Sitaweza kuyasema yale mara ya pili."

Nilimwahidi. Kuanzia hapo kazi ilikuwa na utaratibu: kwanza kuokoa sauti, halafu ndipo kutafuta ugonjwa.

Kuokoa kwanza

Nilirudi kwenye jambo moja ambalo mafundi hawakuuliza: mashine inakwama lini? Nilichukua daftari nikaandika. Nikisikiliza sauti peke yake, hata saa nzima, haikwami. Nikinakili peke yake bila kusikiliza, haikwami. Nikifanya yote mawili pamoja, inakwama kabla ya dakika mbili kuisha. Ubao ulioungua hauchagui hivyo. Virusi havichagui hivyo.

Basi niliinyamazisha kadi ya sauti. Katika Windows ya Kifaransa unabonyeza kitufe cha kulia cha kipanya juu ya "Poste de travail", unachagua "Propriétés", kisha ukurasa wa "Gestionnaire de périphériques". Hapo kuna orodha ya vifaa vyote vya mashine. Unachagua kadi ya sauti na kuiambia Windows isiitumie kwa sasa. Sikuondoa kitu, sikufuta kitu. Nikawasha upya, nikaingiza kle, nikanakili ujumbe wote 43. Ilichukua muda, lakini haikukwama hata mara moja. Nikapeleka kle studio, tukanakili tena huko. Siku hiyo nililala vizuri.

Ndugu msomaji, ukibakiza sehemu moja tu ya habari hii, ibakize hiyo. Mashine inayokwama mara nyingi bado inaweza kutoa vilivyo ndani yake ukipata kujua ni kitu gani kinachoikwamisha. Usikubali neno "kufuta" kabla ya kuuliza: vitu vyangu vimenakiliwa wapi?

Kuondoa visingizio

Kabla ya kusema vifaa vinagombana, ni lazima kuondoa sababu za kawaida. Katika mji wetu ziko tatu.

Ya kwanza ni vumbi. Tangu Nyiragongo ilipomwaga lava ndani ya mji mwezi wa kwanza 2002, vumbi letu ni jeusi na linaingia kila mahali. Nilichomoa waya wa umeme, nikagusa chuma cha kasha ili umeme mdogo ulio mwilini mwangu usiunguze kitu, nikafungua. Feni ilikuwa imevaa koti. Niliisafisha kwa brashi laini.

Ya pili ni kugusana kubaya. Nilichomoa kibao cha memori, nikasugua meno yake ya shaba kwa ufutio wa penseli, nikakirudisha hadi kikalia vizuri.

Ya tatu ni umeme wenyewe, unaopanda na kushuka. Nilijaribu usiku, saa ambazo umeme umetulia, na mashine ikiwa nyuma ya stabilizatere.

Baada ya hayo yote nikairudisha kadi ya sauti kazini na kujaribu tena vitu viwili pamoja. Ikakwama. Vumbi, memori na umeme vikatoka kwenye orodha ya washukiwa.

Kisha niliivua mashine. Nilitoa kadi ya USB, nikatoa na kadi ya modemu ya simu ambayo haijafanya kazi hata siku moja tangu nilipoinunua. Ikabaki na kadi ya skrini, diski, na kadi ya sauti. Nikacheza sauti nusu saa: salama. Nikarudisha kadi ya USB peke yake, nikajaribu: ikakwama. Kila jaribio niliandika kwenye daftari, kifaa kilichoongezwa na matokeo yake. Ukibadilisha vitu viwili kwa mara moja, hata ukipona hutajua ni dawa gani iliyokuponya.

Kengele 16

Sasa tuingie ndani kidogo. Prosesa, yaani akili ya kompyuta, haiwezi kukaa ikimwuliza kila kifaa kila wakati kama kina neno. Inafanya kazi yake, na kifaa chenye haja hupiga kengele. Ukibonyeza herufi, kibodi inapiga kengele. Diski ikimaliza kusoma, inapiga kengele. Kila kengele ina namba, na prosesa hujua nani anaita kwa namba yake.

Kompyuta ya kwanza ya IBM ya namna hii, ya mwaka 1981, ilikuwa na kengele 8. Ile ya mwaka 1984 iliongezewa nyingine 8, zikawa 16, kuanzia namba 0 hadi 15. Mashine za zamani kama yangu zimerithi hesabu hiyo. Nazo si zote zilizo wazi. Namba 0 ni ya saa ya ndani inayohesabu mapigo. Namba 1 ni ya kibodi. Namba 2 inatumika kuunganisha zile nane za kwanza na zile nane za pili, kwa hiyo haina mpangaji. Namba 3 na 4 ni za matundu ya zamani ya modemu. Namba 6 ni ya disketi. Namba 7 ni ya printa. Namba 8 ni ya saa ya tarehe. Namba 12 ni ya kipanya cha tundu la mviringo. Namba 13 ni ya hesabu za prosesa. Namba 14 na 15 ni za diski. Zinazobaki kwa kadi unazoongeza ni chache sana, na kadi za sauti za zamani kwa desturi hukaa kwenye namba 5.

Kadi ya sauti inatumia kengele kwa namna hii: inapewa kipande kidogo cha sauti, inakicheza, ikikaribia mwisho inapiga kengele iletewe kingine. Kengele isiposikika, haina la kufanya ila kurudia kipande kilekile ilicho nacho. Ndiyo sababu tulisikia "anaitwa... anaitwa..." Kadi ilikuwa inaita, na hakuna aliyeijibu.

Nilirudi kwenye ile orodha ya vifaa, nikabonyeza mara mbili neno la juu kabisa, "Ordinateur". Linafungua orodha ya namba zote na kifaa kilicho kwenye kila namba. Nikateremka taratibu: 3, 4... Kwenye namba 5 kulikuwa na majina mawili: kadi ya sauti, na kadi mpya ya USB. Na kwenye orodha ya kwanza, kando ya kadi ya sauti, kulikuwa na alama ndogo ya mshangao ya njano. Mafundi wote wawili hawakufungua ukurasa huo.

Karatasi mbili, kiwanja kimoja

Watu wa Goma wataelewa hili haraka kuliko vitabu vya ufundi. Sisi sote tunajua kesi ya kiwanja kimoja chenye karatasi mbili. Familia moja imekaa pale miaka mingi, imepanda miti, imezika wazee wake, lakini jina lake halikuandikwa kwenye kitabu. Mtu mwingine anakuja, anaomba kiwanja, mwandishi anafungua kitabu, anaona nafasi tupu, anampa karatasi. Mgeni hakuiba. Mwenyeji hakuvamia. Wote wawili wanasema kweli, na bado hakuna atakayelala kwa amani.

Ndani ya kompyuta ilikuwa hivyo hivyo. Kadi za ISA za zamani kama yangu hupangiwa namba kwa mkono: juu yake kuna vijiti vidogo vya chuma na vidaraja vidogo vya plastiki, unahamisha kidaraja kuchagua namba. Kadi kama hiyo haijui kujitambulisha. Kadi ya PCI ni ya kizazi cha baadaye. Mashine inapowashwa tu, yenyewe inaulizwa na inapewa namba. Anayegawa namba ni programu ndogo iliyo kwenye ubao mkubwa, inayoamka kabla ya Windows, inaitwa BIOS. BIOS yangu iliangalia kitabu chake, ikaona namba 5 haina mtu, ikaigawa.

Mtu atauliza: kwa nini wasishirikiane? Kadi za PCI zinaweza kushirikiana kengele moja, kwa sababu kila moja inaendelea kushikilia kitufe hadi ijibiwe; prosesa ikimhudumia mmoja na kengele bado inalia, inajua yuko mwingine. Kadi ya ISA inagusa kengele mara moja na kuacha. Mwenzake akiwa tayari ameshika kitufe, mguso wake hausikiki. Hapo ndipo yote yanapoganda.

Kumwandika mwenyeji kwenye kitabu

Dawa haikuwa kumfukuza mmoja. Ilikuwa kumwandika yule wa zamani kwenye kitabu, ili mgeni apewe nafasi nyingine.

Mashine inapowashwa, kabla ya picha ya Windows, unabonyeza kitufe cha kufuta. Kwenye kibodi zetu za Kifaransa kimeandikwa "Suppr". Mashine nyingine zinataka F2. Skrini ya BIOS inafunguka, na maneno yake ni ya Kiingereza. Nilitafuta ukurasa unaotaja PNP na PCI. Ndani yake kuna namba za kengele, na mbele ya kila namba unachagua inagawiwa nani. Mbele ya namba 5 nilibadilisha nikaweka "Legacy ISA", maana yake: namba hii ni ya kadi ya zamani, usiiguse. Katika ukurasa huohuo kuna mstari wa kuifanya BIOS isahau ugawaji wake wa zamani na kugawa upya, niliuruhusu. Mwishowe, ukurasa wa matundu ya nyuma: nilizima tundu la pili la modemu, ambalo halina kazi kwangu, na hivyo namba 3 ikabaki wazi.

Kuhifadhi ni F10. BIOS inauliza kama unakubali. Bonyeza Y, si O, kwa maana haijui Kifaransa.

Windows ilipofunguka niliangalia orodha. Kadi ya sauti ilikuwa namba 5 peke yake. Kadi ya USB ilikuwa imehamia namba 11. Alama ya njano imeondoka. Nikaanza kunakili kutoka kwenye aparei, na wakati huohuo nikaucheza ujumbe wa mama wa Masisi tangu mwanzo hadi mwisho. Jina la mtoto likasikika lote, na la baba yake, na la kijiji.

Shida ikarudi

Siku mbili baadaye umeme ulikatika usiku kucha. Asubuhi nikawasha mashine, nikafanya kazi, ikakwama kama zamani. Ni hapo wengi wanapokata tamaa na kusema fundi alikuwa na haki. Lakini nilitazama saa ya kompyuta: ilisema tuko mwaka 1998.

Hiyo ni dalili. BIOS inakumbuka tarehe na yote uliyoipangia kwa msaada wa betri ndogo ya mviringo, kama sarafu, iliyo kwenye ubao mkubwa. Umeme ukikatika, betri ndiyo inayoshika kumbukumbu. Betri ikichoka, asubuhi BIOS inaamka imesahau kila kitu, hata mpaka wa namba 5. Kwenye mashine nyingi betri hiyo ni CR2032, ya volti 3, inapatikana kwa watu wanaotengeneza saa. Niliibadilisha, upande wenye alama ya kujumlisha ukiangalia juu, nikarekebisha tarehe, nikarudia mapangilio yote ya BIOS. Tangu siku hiyo umeme umekatika mara nyingi, na namba 5 haijapata mgeni.

Kwenu wenye mashine nyingine

BIOS nyingine hazina ule ukurasa. Msikate tamaa, kuna njia mbili. Ya kwanza ni kuchomoa kadi ya PCI na kuihamishia tundu jingine jeupe, kwa sababu mara nyingi kila tundu lina njia yake ya kengele. Ya pili ni kuhamisha kidaraja cha plastiki kwenye kadi ya zamani, kwenda namba nyingine iliyo wazi, kwa mfano 10. Maandishi madogo juu ya kadi yanaonyesha namba. Zima mashine na chomoa waya kwanza.

Kama umeongeza diski ya pili na sasa hakuna hata moja inayoonekana, angalia waya mpana bapa unaoziunganisha. Diski mbili kwenye waya mmoja wa namna hiyo lazima moja ipangwe kuwa kiongozi na nyingine kuwa msaidizi, kwa vidaraja vilevile vya plastiki vilivyo nyuma ya diski. Zikiwa zote viongozi, mashine haimsikii yeyote.

Kwenye mashine za miaka ya karibuni ugomvi wa kengele umekuwa nadra, kwani njia zimeongezwa na kadi zote zinajua kujitambulisha. Ugomvi unaoonekana sasa ni wa nguvu. Tundu moja la USB 2.0 limepangiwa kutoa miliampere 500. Ukiweka kigawio kimoja cha matundu, ukapachika modemu ya kle, diski ya nje na simu inayochaji, vyote vinakula sahani moja. Diski inaanza kutoa mlio mdogo wa kugonga, inapotea, inarudi. Ondoa kimoja kimoja kama nilivyofanya, utamjua anayekula zaidi.

Na jambo la mwisho la ufundi. Niliandika karatasi: namba 5 sauti, namba 11 USB, namba 3 imezimwa, betri imebadilishwa, pamoja na tarehe. Nimeibandika ndani ya kifuniko cha kasha. Fundi atakayefungua kesho hatahitaji kubahatisha, hata kama mimi siko.

Ujumbe umefika wapi

Ujumbe wote 43 umesikika, kwa siku mbili za posho. Hadi ninapoandika, simu tatu zimelia radioni. Moja ilitoka Minova: watoto wawili wako kwa shangazi yao, wazima. Nyingine ilileta habari ya kifo, na familia imeomba tusiitangaze. Mama wa Masisi bado hajapata jibu. Alikuja kusikiliza kwenye radio ya jirani yake hemani, akaniambia baadaye kwamba alisikia jina limetamkwa lote, mara mbili, na kwamba mtu akiwa nalo sikioni huko aliko, atajua anatafutwa.

Tutaurudisha ujumbe wake kila siku ya posho hadi atakapoambiwa kitu. Mashine inaweza.

Wenye ujumbe mpya, tutakuwa na mikro Mugunga siku ya nne asubuhi. Huhitaji kulipa kitu. Taja jina la unayemtafuta, majina ya baba na mama yake, kijiji, na mahali mlipoachana mara ya mwisho. Usiharakishe. Na jina, litaje mara mbili.